Kutoka Uyole hadi Karonga: mwongozo kamili wa kupata marafiki wanawake ng'ambo ya mpaka ukiwa na pikipiki yako

Mwanamke wa Mbeya au Iringa akisema anataka kwenda nje ya nchi na pikipiki, watu wanawaza Cape Town, mahema na pikipiki ya mamilioni. Hayo yaache kwanza. Kwetu Mbeya nje ya nchi ni karibu kuliko Dodoma. Ukitoka Uyole, Mbeya, alfajiri na pikipiki ya cc 125 au 150, hiyohiyo inayobeba magunia ya viazi, mchana unakula samaki Karonga, Malawi. Ukishika njia ya Mbalizi na Vwawa, kilomita mia na ushei, uko Tunduma, na Nakonde ya Zambia unaiona kwa macho.

Mwongozo huu ni wa dada mwenye pikipiki anayetaka kuvuka, akutane na wanawake wanaoendesha kama yeye, na urafiki uendelee safari ikishakwisha. Msimamo wangu nauweka mapema: chagua mji mmoja wa karibu, uwe unaurudia. Anayepita miji kumi kwa mkupuo mmoja anarudi na picha nzuri na namba za simu zisizopokelewa. Anayekwenda Karonga kila anapopata nafasi, hadi muuza mandazi wa stendi anamuuliza mbona kapotea.

Safari ndefu zina heshima yake, sikatai. Theresa Wallach na Florence Blenkiron waliondoka London Desemba 1934 na pikipiki moja ya Panther yenye kiti cha pembeni na tela nyuma, wakavuka Sahara, wakapita Tanganyika na Rhodesia, wakaingia Cape Town Julai 1935. Ila wale walitoka nyumbani wakiwa tayari marafiki. Sisi tunakwenda kumtafuta rafiki.

Karonga au Nakonde?

Angalia kwanza lugha yako. Kama unaongea Kinyakyusa, nenda Karonga bila kufikiria mara mbili. Wangonde wa upande ule na Wanyakyusa wa Kyela na Rungwe wanasikilizana, na salamu ya asubuhi ukiitoa vizuri mama wa sokoni anakuuliza ukoo wako kabla hajakuuliza unanunua nini. Kama ni Mnyamwanga, Nakonde ni kwenu, mpaka umepita katikati ya watu walewale. Mhehe, Mbena, Mkinga na wengine tuliobaki tunategemea Kiswahili, na Kiswahili kinakufikisha pote pawili, hasa karibu na mpaka. Ukishaingia ndani zaidi, Malawi unakutana na Kitumbuka na Kichewa, Zambia Kibemba, na Kiingereza kidogo kinasaidia.

Nakonde ni rahisi kufika lakini ni mji wa malori. Foleni, vumbi, wabadilisha fedha, kila mtu ana haraka. Ni pazuri kwa biashara, kwa kukaa na mtu mkaongea ni kazi. Karonga ina ziwa, miembe na watu wenye nafasi. Mimi huwa nakwenda Karonga, kwa hiyo mifano mingi hapa chini ni ya huko. Anayepitia Tunduma atabadilisha majina, utaratibu ni uleule.

Tafuta wenzako kabla hujavuka

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanafika ng'ambo ndipo waanze kuuliza kama kuna wanawake wanaoendesha. Anza nyumbani, wiki kadhaa kabla.

Vyama vya wanawake waendesha pikipiki vipo na ni vizuri kuvijua. Kikubwa ni Women's International Motorcycle Association, wenyewe wanakiita WIMA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1950 na Louise Scherbyn na leo kina matawi katika nchi nyingi. Nairobi wapo Inked Sisterhood. Halafu kuna Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mei, siku ambayo tangu mwaka 2007 wanawake wa nchi mbalimbali wanatoka barabarani siku moja. Ukiwa na safari ya Nairobi au ya Ulaya, waandikie wa huko mapema, kwa kawaida wanapokea wageni.

Lakini vyama hivyo ni vya miji mikubwa. Mpakani kwetu mwanamke anayeendesha pikipiki mara nyingi yuko kazini. Ni afisa ugani, muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya wa kijiji, mwalimu, sista wa parokia. Mwaka 2022 serikali yetu iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, na sehemu yake ziko mikononi mwa akina dada wanaopanda milima ya Rungwe na Ileje kila siku kwenda kwa wakulima wa kahawa na kakao. Zambia nako maafisa ugani wa vijijini wanatembelea pikipiki, na wanawake wamo. Hao ndio wenzako. Hawana jaketi zenye nembo mgongoni, lakini tope wanalijua.

Njia ya kuwafikia ni ya kupokezana mtu kwa mtu. Nenda ofisi ya kata yako, muulizie dada yeyote anayeendesha kikazi. Mweleze nia yako. Atakuwa na mwenzake aliyesoma naye chuo, sasa yuko Kyela au Ileje. Yule wa Kyela ana mtu ng'ambo: ndugu, mteja wa mchele, mwenzake wa kwaya. Kanisani pia ni njia nzuri, maana Moravian, Wakatoliki na Walutheri wa huku wana wenzao upande wa pili. Urafiki uliopitia kwa mtu anayekujua una dhamana. Namba uliyookota tu mtandaoni haina.

Ukishapata namba, andika ujumbe mfupi unaojitosheleza. Kwa mfano:

"Habari dada. Naitwa Tumaini, natokea Uyole, Mbeya. Namba yako nimepewa na dada Neema wa Kyela. Naendesha pikipiki na nitakuja Karonga Jumamosi, nalala gesti usiku mmoja, Jumapili narudi. Ningependa tukutane mchana pale sokoni tunywe soda, na ukiwa na nafasi tuendeshe pamoja kidogo kando ya ziwa. Malazi ninayo. Kama siku hiyo una kazi, niambie tu."

Ujumbe huo una mambo yake. Umemtaja aliyekutuma. Umesema siku na muda wa kuondoka, kwa hiyo hajiulizi atakaa na mgeni mpaka lini. Umechagua mahali pa watu. Na neno "malazi ninayo" linamwondolea mzigo mkubwa, kwani kwa desturi zetu mgeni akisema anakuja, mwenyeji anaanza kuhesabu magodoro na kuku. Kabla ya kusafiri piga simu, sikia sauti. Akikwepa simu mara zote na anapenda maandishi tu, huyo achana naye, hata picha iwe ya mwanamke.

Makaratasi

Pasipoti. Mtanzania haombi viza kuingia Malawi wala Zambia kwa matembezi, unagongewa muhuri mpakani. Leseni halisi, siyo nakala. Kwa pikipiki isiyofika cc 125 ni daraja A1, kuanzia hapo kwenda juu ni A. Kadi ya pikipiki iwe na jina lako. Kama ni ya mume, kaka au mwajiri, beba barua yake ya ruhusa iliyogongwa muhuri wa mwanasheria, maana bila hiyo unaonekana mwizi anayekimbiza mali. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwe kwenye mfuko uleule.

Bima ya hapa nyumbani inaishia mpakani. Omba kampuni yako ya bima ikupe kadi ya njano ya COMESA, lile soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango huo wa bima tumo, na Malawi na Zambia wanaitambua. Inafidia mtu wa tatu utakayemgonga, siyo pikipiki yako. Ikate mjini mapema, ukiisubiri mpakani utaangukia mikononi mwa vishoka.

Ng'ambo, watu wa forodha watakuandikia kibali cha muda cha kuingiza pikipiki. Soma tarehe ya mwisho hapohapo dirishani, na siku ya kurudi kirudishe kigongwe. Kibali kisichofungwa ni deni linalokusubiri safari ijayo, na sisi tunapanga kurudi.

Pikipiki na mavazi

Sitakaa sana hapa, anayeendesha anajua. Badili oili, kagua breki, taa, indiketa na matairi. Beba tyubu, pampu, plagi, waya wa klachi, spana na kipande cha cheni. Plagi na tyubu za pikipiki zetu za Kihindi na za Kichina zinapatikana hata huko, ila Jumapili maduka yanafungwa.

La kuzingatia ni baridi na joto katika siku moja. Isyonje asubuhi ukungu unakufunga kioo cha helmeti, Tukuyu mvua inanyesha hata msimu ambao kwingine ni vumbi, halafu ukishuka Kyela na Karonga, chini kabisa usawa wa ziwa, jua linakuchoma mgongo. Vaa kwa tabaka, koti la mvua liwe juu kabisa ya begi. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, ingawa Juni na Julai asubuhi za Uyole vidole vinaganda. Weka glovu nzito.

Na kitenge. Beba kimoja kizuri, siyo cha kufutia oili. Malawi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, sheria ya enzi za Rais Banda ilikataza wanawake kuvaa suruali hadharani. Sheria imekufa, mabinti wanavaa watakavyo, lakini bibi wa miaka sabini alikua nayo. Ukifika nyumbani kwa rafiki, shuka, vua helmeti, funga kitenge juu ya suruali, ndipo umsogelee mama mwenye nyumba. Chuchumaa kidogo unapomsalimia kama tunavyofanya kwetu. Mama akikupenda, binti yake hana neno.

Siku ya kuvuka

Ondoka mapema. Ukifika Kyela jaza tangi, kwa sababu Malawi imekuwa ikipata uhaba wa petroli mara kwa mara miaka hii. Jaza tangi tu, madumu hapana. Petroli kwenye dumu ni magendo na utaulizwa. Vilevile usibebe mzigo wa mtu, hata kama ni mama mzee anayekuomba umfikishie mwanawe kimfuko kidogo. Mpakani mzigo uliokutwa kwako ni wako.

Kasumulu, mpakani upande wetu, watakufuata vijana wakisema wanakusaidia. Waambie asante, kaka, nina mwenyeji, na uendelee kutembea. Dirisha la kwanza Uhamiaji, kisha forodha, kisha daraja la mto Songwe na madirisha ya wenzetu. Kwa wa Tunduma, kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2019 kimewaweka maofisa wa nchi zote mbili jengo moja, kimepunguza mizunguko. Kila pesa unayolipa iwe na risiti. Njia za panya zipo, na vijana wa boda watakuonyesha kwa furaha. Ukipita huko huna muhuri, na trafiki wa kwanza upande wa pili ndiye atakayegundua.

Fedha zinachanganya. Malawi wana kwacha na Zambia wana kwacha, ni fedha mbili tofauti kabisa, thamani haikaribiani. Badilisha kidogo tu ya kuanzia, hesabu mwenyewe noti kwa noti kabla hujatoa shilingi zako, na usikubali zihesabiwe upya mkononi mwa mbadilishaji ukishazihesabu wewe.

Saa nazo zinachanganya zaidi ya fedha. Wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja, halafu hawahesabu kama sisi kuanzia jua kuchomoza. Rafiki wa Karonga akikuandikia "tukutane saa 9 asubuhi", kwa saa ya Mbeya hiyo ni saa nne asubuhi. Kabla ya kuagana kwenye simu muulize: ni saa ngapi toka sasa? Jibu la namna hiyo halina makosa. Wakati wa kurudi ile saa moja inaliwa, kwa hiyo ukitoka Karonga mchana umechelewa tayari. Giza likikukuta Kyela, lala Kyela. Kupandisha Tukuyu usiku, ukungu, malori na ng'ombe barabarani, hakuna rafiki wa thamani hiyo.

Mkikutana

Usianze na picha. Anza na pikipiki yake. Muulize ni ya mwaka gani, inakula mafuta kiasi gani, fundi wake ni nani, njia ipi inamtesa masika. Mwanamke anayeendesha kazini amezoea kuulizwa na wanaume kama haogopi, kama mume anajua. Akipata mtu wa kumuuliza kuhusu klachi, utaona anavyokaa vizuri kwenye kiti.

Dada mmoja muuguzi wa upande ule, leo nikikohoa tu anajua, tuliunganishwa na cheni. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha mwembe, mazungumzo yakiwa ya adabu na mafupi, soda zinaisha. Alipowasha aondoke nikasikia cheni inapiga kava, kwa-kwa-kwa. Nikamwambia zima. Tukaiweka stendi kubwa, nikatoa spana, nikalegeza nati ya ekseli. Yeye akakunja kitenge chake mara nne akakitandika chini, akapiga goti, akawa anakaza boliti ya upande wake robo mzunguko, mimi upande wangu robo mzunguko, tukitazama zile alama za pembeni zilingane ili tairi lisikae upande. Kila baada ya hapo anabonyeza cheni katikati kwa kidole: ikicheza sentimita mbili hadi tatu inatosha, ikibana sana inakata sproketi. Fundi wake, kumbe, alikuwa anamlipisha kila wiki kwa kazi hiyo na hajawahi kumwacha aangalie. Tulimaliza mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na hapo ndipo alipoanza kuongea.

Kwa hiyo panga jambo la kufanya kwa mikono. Kubadilisha oili pamoja, kuziba pancha, kufundishana. Kama yeye ndiye anajua zaidi, afadhali. Mtu akikusaidia, hukupenda zaidi.

Mkiendesha pamoja, mwenye pikipiki ndogo au mwenye uzoefu mdogo atangulie, mwendo uwe wake. Kubalianeni ishara kabla ya kuwasha: mkono ukipungwa chini ni punguza, kidole kikionyesha tangi ni mafuta. Msiendeshe sambamba mkipiga soga. Na kila mtu ajilipie petroli yake, lisemwe mapema na kwa kicheko. Mwenyeji akisisitiza kulipa chakula, mwache alipe mara hiyo. Nawe utalipa akija kwako.

Kuna mada za maongezi zinazofungua milango. Mchele ni mojawapo. Karonga wanalima mchele wa kunukia wanaouita Kilombero, na wanaamini hauna mpinzani. Wewe umetoka upande wa Kyela. Mjadala huo unaweza kuchukua chakula kizima na hakuna anayekasirika. Usipa pia, wale dagaa wa ziwa, namna ya kuukausha na kuukaanga. Ila jina la ziwa liache. Sisi ni Ziwa Nyasa, wao ni Ziwa Malawi, na mpaka wa majini serikali zetu zinabishania miaka mingi. Wewe sema "ziwa" mwendelee kula.

Zawadi iwe ya kukauka: pakiti ya chai ya Rungwe inatosha kabisa. Parachichi na ndizi mbichi zinaweza kuzuiwa na wakaguzi wa mazao, ukabaki unazila dirishani. Tahadhari za kawaida zibaki: tuma ulipo kwa mtu wa nyumbani kila unaposimama, gesti iwe na ua unaofungwa, na mialiko ya usiku ya watu msiojuana ikataliwe bila maelezo marefu.

Safari ya pili na ya tatu

Wiki ya kwanza baada ya kurudi, mpigie kumwambia umefika na cheni inaendeleaje. Halafu rudi kabla miezi mingi haijapita, hata kwa siku moja. Safari ya pili ndiyo atakayokuletea wenzake wawili watatu. Ya tatu mnaweza kupanga kwenda mbali kidogo: kusini kando ya ziwa hadi Chitimba, kisha kupanda Livingstonia, misheni ya Waskoti iliyojengwa juu ya mlima tangu 1894. Barabara ile ya mawe ina kona kama 20 kali, usiipande peke yako wala siku ya mvua.

Ukizoea, waalike kwetu. Tena sisi kona tunazo zaidi: kutoka Chimala kupanda Matamba ni zile zinazoitwa Hamsini na Saba, na majina hayadanganyi. Juu yake ni Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu. Hapo kuna mtihani: maua yanachanua kuanzia Desemba hadi Aprili, ndiyo miezi ya tope. Mgeni anayeendesha vizuri mpeleke Februari kwa tahadhari, mgeni mwoga mpeleke Agosti aone milima bila maua. Pikipiki ziacheni Matamba, na ofisi ya hifadhi iliyopo hapo itawaeleza utaratibu wa kutembea.

Kabla hawajavuka, hakikisha nao wana kadi ya njano, pasipoti na barua za pikipiki za kazini. Nyingi ni mali ya serikali yao na haziruhusiwi kutoka nchi. Kama ndivyo, waje kwa basi hadi Kyela, nawe uwe umeshawatafutia pikipiki za kukodi na helmeti zinazowatosha. Na uwaambie saa ya Tanzania iko mbele: wakifika mpakani Songwe saa sita mchana kwao, kwetu ni saa saba, na hadi Uyole bado kuna mlima mzima wa kupanda.